Shangazi na Panya Walioacha Pombe

Shangazi yangu alitunza panya kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemcheka akabaki na kicheko chake mdomoni. Jirani yetu mmoja, fundi seremala, alimwuliza mbele za watu kama ni kweli chuo kikuu kizima kimemwajiri mtu mzima kulisha panya. "Ni kweli," Shangazi akajibu. "Na wewe unawalisha pale stoo kwako bila kuajiriwa na mtu." Tangu siku hiyo fundi alikuwa akimwamkia kabla hajaamkiwa.

Kazi yake ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la sayansi, mwisho wa korido isiyo na dirisha hata moja. Kulikuwa na milango miwili, na kati ya milango hiyo ulibadilisha viatu, ukavaa koti na kofia ya kitambaa. Ndani siku ilikuwa imegeuzwa. Panya huchangamka gizani, kwa hiyo nje jua likiwa la utosi, mle ndani kuliwaka taa nyekundu hafifu, ili wanasayansi wawakute macho saa za kazi bila wao wenyewe kukosa usingizi. Shangazi aliona jambo hilo ni la haki kabisa, kwamba mmoja lazima ageuze siku yake na panya hakuwa na watoto wa kupeleka shule.

Nilimwona kazini mara moja tu, kupitia kioo cha mlango wa pili. Hakumshika panya mkiani. Alipitisha kiganja chini ya kwapa zake, akamnyanyua kama unavyomnyanyua mtoto aliyejikwaa, na yule panya akatulia, akaanza kumnusa kidole gumba. "Mkia si mpini," aliniambia baadaye. Panya wake walikuwa na namba, hawakuwa na majina. Hilo alilitaka yeye mwenyewe, kwa sababu mwisho wa kila utafiti panya huuawa ili ubongo wake uchunguzwe, na yeye ndiye aliyewabeba kuwapeleka. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili aliweka sharti: wakishachungulia huo ubongo, mtu aje amwambie wameona nini. "Kama hamkuona kitu, mniambie pia," alisema, "nijue nimewapoteza bure." Ndivyo ilivyokuja kuwa desturi. Profesa wa maabara ile, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akija pale stoo ya kuoshea, anageuza ndoo, anaikalia, anamweleza Shangazi mambo hadi yamwingie.

Kwa hiyo habari za ubongo mimi nilizipata kwa mtu aliyeishia shule ya msingi, akiwa anachambua mchele.

Alinieleza kwamba ndani kabisa ya ubongo, wa panya na wa binadamu, kuna mahali panapofanana. Zamani watafiti walichomeka hapo waya mwembamba kama unywele, wakampa panya kijiti cha kubonyeza ajipatie umeme kidogo. Panya akabonyeza. Akabonyeza mpaka akasahau chakula. Wakasema, tumepata mahali pa raha. "Wakakosea kidogo," Shangazi alisema, utadhani alikuwepo akawaonya. Kuna kitu kinamwagika pale, kinaitwa dopamini, na watu wengi wanadhani hicho ndicho utamu. Sicho. Kuna panya walioondolewa dopamini karibu yote. Ukiwawekea sukari ulimini wanailamba vizuri, wanajilamba na midomo, utamu wanaujua. Lakini ukiiweka hatua mbili mbele yao hawaifuati, watakufa njaa wakiitazama.

"Ile ni hamu," alisema. "Hamu na utamu ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Usipowajua utawachanganya. Halafu siku moja utamu unahama nyumba, na hamu inabaki kwenye nyumba ileile, inapiga kelele."

Na jambo jingine. Panya akishajua kwamba taa ikiwaka tone la kinywaji linafuata, basi ile dopamini haingojei tone. Inamwagika taa inapowaka. Shangazi alisema ubongo unachinja kuku mgeni akiwa bado njiani, na ukishaanza kuchinja unataka huyo mgeni afike, iwe isiwe. Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliyasikiliza hayo kama hadithi za wanyama, ingawa mtu ambaye yalimhusu alikuwa barazani kwetu, hatua kumi kutoka kwenye ule ungo wa mchele.

Mtu huyo alikuwa baba yangu, mdogo wake Shangazi wa tumbo moja. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi kweli, wa kukata suti kwa kukutazama tu unapopita. Mama yangu alikuwa ameolewa kwingine zamani, na sisi wawili tuliishi kwa Shangazi, Baba na cherehani yake barazani. Alikunywa kwa miaka kumi na moja. Hakuwa mlevi wa kupiga watu, alikuwa mlevi wa kusahau watu. Alinisahau shuleni, alimsahau bibi harusi mmoja siku ya harusi yake, gauni likiwa halina mikono. Chupa ilikaa kwenye droo ya cherehani, kati ya vibobini vya uzi na chaki, na saa kumi na moja jioni, pasi ikipoa na wateja wakiondoka, droo ilifunguliwa.

Mara mbili Shangazi alimpeleka kwenye nyumba ya matibabu, mji mwingine. Mara mbili alirudi amenawiri, mikono haitetemeki, anacheka. Mara ya kwanza alikaa siku tisa bila kunywa. Mara ya pili wiki mbili. Watu wakasema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi, sitaki kuficha, nilianza kuamini hivyo. Nilimchukia kidogo. Shangazi hakuamini. Alimpeleka mara ya tatu, akakaa huko miezi mitano, na sasa tuliambiwa tukamchukue Jumamosi.

Wiki hiyohiyo ndiyo Shangazi alifanya kosa kazini, kosa la pekee ninalolijua.

Utafiti uliokuwa ukiendelea ulikuwa wa pombe. Panya kumi na wawili walifundishwa kwenye masanduku ya chumba cha kwanza: kuta laini, sakafu ya vyuma, na kila siku Shangazi aliyaosha kwa maji ya siki. Humo panya alibonyeza kijiti, taa ikawaka, tone la pombe likashuka. Wakanogewa. Kisha wakahamishiwa chumba cha pili, masanduku yenye kuta za mistari na sakafu ya wavu, yanayooshwa kwa sabuni ya maji yenye harufu ya limau. Humo kijiti kilikuwepo lakini hakikutoa kitu. Walibonyeza siku za kwanza kwa hasira, wakapunguza, na baada ya wiki tano wakawa wanakipita kijiti kama hawakijui. Panya walioacha pombe, Shangazi aliwaita hivyo nyumbani, na nilijua anamfikiria nani.

Jumatatu sabuni ya limau iliisha. Mtunza stoo alikuwa ameondoka na funguo. Mtu mwingine angeacha masanduku mpaka kesho, lakini Shangazi hajawahi kulala akiwa ameacha kitu kichafu nyuma yake. Akachukua siki, akayaosha masanduku yote kumi na mawili ya chumba cha pili, akayafuta, akaenda zake roho safi.

Jumanne panya tisa kati ya wale kumi na wawili walikwenda moja kwa moja kwenye kijiti wakakibonyeza kana kwamba zile wiki tano hazikuwahi kuwepo. Profesa alidhani mpira wa kupitisha pombe unavuja. Alifungua mashine moja baada ya nyingine, siku nzima, na kesho yake tena. Hakuna kilichovuja. Shangazi naye alihangaika pamoja naye, akimshikia bisibisi, mpaka Alhamisi asubuhi alipochukua dumu la siki kuosha chumba cha kwanza na harufu ikampanda puani. Akasimama hapo na dumu mkononi.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwona. Angeweza kunyamaza na mashine zikabeba lawama. Aliniambia wazo hilo lilimjia, likakaa kama mgeni asiyealikwa, akalitoa nje. Akamwendea Profesa.

"Si mashine," alisema. "Ni mimi. Nimeyaosha kwa siki."

Profesa akageuza ndoo, akakaa. "Wiki tano, Mama."

"Wiki tano. Andika kwenye daftari kwamba ni mimi, na tarehe uiweke."

Profesa hakuandika papo hapo. Aliuliza kama kuta zilikuwa zile za mistari, akaambiwa ndizo. Sakafu? Ileile ya wavu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema matokeo yale hayawezi kuhesabiwa, kwa kuwa hayakupangwa, itabidi waanze upya na panya wengine. Kisha akasema neno ambalo Shangazi alilirudia nyumbani mara nyingi kiasi kwamba nalijua kama sala. Kuacha si kusahau, Profesa alisema. Somo la kwanza halifutiki. Kuacha ni somo la pili linalowekwa juu yake, na hilo la pili linashika zaidi pale lilipofundishiwa. Ukimrudisha panya pale alipojifunzia la kwanza, hata harufu yake tu, la kwanza linaamka.

Shangazi akaweka dumu chini akaomba ruhusa ya kutoka mapema. Profesa akamwuliza kama anaumwa, kwa kuwa hakuwahi kuomba ruhusa ya aina hiyo.

Mimi alinikuta barazani nikitia mafuta kwenye cherehani. Nilikuwa nimetoka shule moja kwa moja kuandaa pembe ya Baba, na nilijivunia kazi yangu. Kila kitu nilikirudisha pale pale alipokiacha: kiti chenye mto uliobonyea upande mmoja, redio kwenye rafu, pasi, kikombe cha bati, chaki kwenye droo. Nilitaka akikaa aone kama hakuwahi kuondoka.

Shangazi hakuvuka kizingiti. Alisimama akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama anayeonja mchuzi. Mafuta ya cherehani, chaki, kitambaa kilichopigwa pasi. Alitazama kiti. Akasema, "Mara ya kwanza alirudi hapa. Mara ya pili alirudi hapa."

"Sasa angerudi wapi?" nikasema. "Si ndiko kwao?"

Akakaa chini kwenye ngazi, na koti lake la kazini, akanihadithia yote: siki, kijiti, tisa kati ya kumi na wawili. Alipomaliza nilikuwa nimeshaelewa anakokwenda, na nilikasirika. Nilimwambia Baba si panya.

"Najua," akasema. "Panya hajawahi kuniomba msamaha."

Nikamwambia basi tuihamishe cherehani, tuipake baraza rangi, tuitupe redio. Aliyasikiliza yote, hakunikatiza. "Tuhamishe cherehani, sawa," akasema. "Na saa kumi na moja jioni tutaihamishia wapi? Na ngazi hizi? Na seremala akipita anamwita wakanywe?" Nikalia. Alinishika bega, lakini hakubadili neno. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. "Lia leo, mwanangu, mimi nipo."

Ijumaa alipiga simu kule kwenye nyumba ya matibabu, akazungumza na muuguzi mkuu, mzee wa maneno machache. Kulikuwa na karakana ya kushona sare za shule mtaa wa pili kutoka pale. Walitaka fundi. Nyuma yake kulikuwa na chumba walimokaa wanaume wawili, nao wameacha pombe, mmoja mwaka wa nne. Shangazi aliuliza karakana inafungwa saa ngapi, na mafundi wanafanya nini ikishafungwa. Muuguzi akasema wanacheza mpira uwanjani na yeyote asiyejua kucheza anapiga filimbi. Akaridhika.

Jumamosi tulifika kabla ya adhuhuri. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi nje, begi magotini, shati jeupe alilojishonea. Alituona kutoka mbali akasimama. Mimi nilikimbia, nikamkumbatia, alikuwa na harufu ya sabuni. Kisha Shangazi akakaribia, mikono ameshaifungua. Na Baba, akimtazama yeye, alipitisha mgongo wa mkono mdomoni, akameza mate.

Kwa miaka kumi na moja, kila jioni, Shangazi alikuja barazani kumnusa pumzi. Alisimama mbele yake hivyohivyo, akainamisha uso, na Baba aliona anakuja, akafuta mdomo, akameza. Siku ile hakuwa na cha kufuta. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nilimwona Shangazi akishusha mikono. Alisimama hatua tatu mbali na mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni siku mama yao alipofariki, na hakusogea tena.

"Hurudi nyumbani," akamwambia.

Baba akaketi. "Dada, nimefanya nini tena?"

Ile "tena" ilinichoma. Sijui kama imewahi kuacha kunichoma.

"Hujafanya kitu. Umeshinda. Nyumba ndiyo haijaacha pombe." Akamweleza, wima, kwa sauti ileile aliyoitumia kumjibu seremala, kila kitu, pamoja na kosa lake la siki. Akamweleza karakana, chumba, mpira. Baba alisikiliza akiwa ameinamia begi. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini kona ya mdomo ilikuwa inacheka.

"Kwa hiyo panya wamekaa kikao wakaniamulia."

"Tisa kwa watatu," Shangazi akasema. "Na wale watatu hawakukupinga, walikuwa wananusa tu."

Baba akacheka kweli, na mimi nikacheka, nikadhani limekwisha. Akauliza basi tutakuwa tunakuja lini kumwona.

"Huyu mtoto atakuja kila mwezi," Shangazi akasema. "Mimi siji."

Akamweleza na hilo. Kwamba amemwona akifuta mdomo, na kwamba si kosa lake Baba wala hakulitaka. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na nguo yenyewe ni mimi, mdogo wangu. Kwa sasa nivue."

Baba alisema hapana. Alisema hapana mara nyingi, akamsihi, akaapa. Shangazi alikuwa akimjibu, "Utaniita mwenyewe, siku ukiweza." Kisha akaniambia twende. Njia nzima nilimchukia kwa kuwa hakulia.

Ilichukua miezi kumi na minne. Nilikwenda kila mwezi. Baba alishona sare, kaptula mia kwa wiki, akanenepa, akawa mpiga filimbi mwenye upendeleo mkubwa. Jioni moja, mwezi wa sita, alitoka akatembea hadi mlango wa kilabu cha pombe, akasimama, akarudi, na mmoja wa wale wanaume wawili akakaa naye mpaka akalala. Alinisimulia mwenyewe. Nilipomhadithia Shangazi aliuliza tu kile kilabu kiko upande gani, na kama kuna njia nyingine ya kwenda sokoni. Kuhusu yeye mwenyewe watu walisema amemtupa ndugu yake, na wengine walimwambia usoni. "Semeni," aliwajibu, akaendelea na safari yake. Alimpigia Baba Jumapili saa tatu asubuhi, kamwe si jioni, wakazungumza mambo ya kawaida kabisa, mvua, bei ya vitambaa. Akikata simu aliingia kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kisha Jumapili moja Baba ndiye aliyepiga. "Dada," akasema, "njoo uchukue gauni lako."

Alikuwa amemshonea gauni, la buluu iliyokolea, mikono mirefu, kola ya kulala. Hakuwa na haja ya kumpima, alisema, vipimo vya dada yake anavyo kichwani tangu akiwa mwanafunzi wa cherehani. Tulimkuta kwenye karakana, kati ya milundo ya kaptula. Walikumbatiana muda mrefu, na nilitazama mikono ya Baba yote miwili ikiwa mgongoni mwa Shangazi, imetulia. Akampa gauni akaingie kulivaa nyuma ya pazia.

Alipotoka gauni lilikuwa limemmeza. Mabega yalikuwa yameshuka hadi nusu ya mkono. Kiunoni kitambaa kilijikunja kama kimetundikwa kwenye kiti. Nilikuwa nakaa naye nyumba moja, nikila naye kila siku, na sikuwa nimeona, kwa sababu alishinda ndani ya lile koti la kazini, na unayemwona kila siku humwoni akipungua.

"Umekosea vipimo," Shangazi akasema. "Uzee huo."

Baba alimsogelea. Alichukua pini, akazibana midomoni, akavuta tepu shingoni, akamzungushia kiunoni. Akasoma. Akaifungua, akapima tena kuanzia mwanzo.

"Dada, unakula?" akauliza, kupitia zile pini.

"Nakula vizuri kabisa," Shangazi akasema, kidevu juu, mikono ameinyoosha pembeni kama alivyoagizwa.

Baba akapiga goti, akaanza kubana kitambaa, pini baada ya pini, taratibu, asimchome. Mimi nilikuwa nyuma yake. Tepu ilikuwa imebaki begani kwake, alama ya kucha yake ikiwa mahali kiuno kilipoishia, nikaitoa namba hiyo kwenye kile kipimo cha zamani ambacho hata mimi nilikijua kwa kumsikia akikitaja. Sentimita kumi na nne pungufu, moja kwa kila mwezi.